Besi Fupi ya Dada Yangu

Nilikuwa fundi seremala mwenye mdomo. Nalisema hilo mapema, mtu asije akadhani nilizaliwa na aibu. Mwishoni mwa miaka ya themanini kibanda changu kilikuwa Manyatta, hapa Kisumu: mabati matatu juu, meza moja ya kazi chini, na mimi katikati nikiwaambia wateja kwamba kitanda walichonunua kwa fundi mwingine kitawaangusha kabla ya Krismasi. Nilitengeneza vitanda, stuli, fremu za madirisha, na ngazi za wapaka rangi. Ngazi ndizo zilizonipa kichwa kikubwa. Mtu akiniletea ngazi ndefu isiyoingia dukani kwake, niliifungua, nikaifupisha, nikamrudishia ikiwa na vipandio vyake vyote, na haichezi hata kidogo.

Dada yangu, anayenifuata kwa kuzaliwa, aliimba katika kwaya ya kanisa letu palepale Manyatta. Kwaya ilikuwa na kinanda cha umeme, gitaa dogo, na besi moja nzito ajabu, yaani gitaa la umeme la sauti za chini, mali ya kijana aliyeipiga. Kijana huyo alikuwa bingwa wa kuchelewa. Kila akichelewa, dada yangu aliiokota besi, akaketi kwenye benchi, akailaza mapajani na kupiga. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa amesimama nyuma ya kijana yule miaka miwili, mdomo ukiimba na macho yakiwa kwenye vidole vyake. Mwalimu wa kwaya, mtu mkavu asiyesifu hata chakula, siku moja aliacha kupunga mkono katikati ya wimbo, akamsikiliza tu mpaka mwisho.

Kuivaa ndiko kulikomshinda. Akiwa msichana alianguka kutoka juu ya lori la viazi sokoni Awasi, mfupa wa bega lake la kushoto ukavunjika, ukaunga vibaya. Mkanda wa besi ukikaa pale kwa robo saa, machozi yalimtoka bila yeye kulia. Tena mikono yake ni mifupi. Shingo ya besi ina freti, vile vyuma vyembamba vinavyoikatiza ili kidole kijue sauti iko wapi, na zile za mwanzo zimeachana sana. Alilazimika kurukaruka mahali ambapo mwanamume mrefu angenyoosha kidole tu.

Kulikuwa pia na maneno ya watu. Kwetu, nyatiti, kile chombo cha nyuzi nane ambacho mpigaji huketi nacho chini akigonga mguu, kilikuwa cha wanaume. Mwanamke hakukigusa, na wazee hawakueleza kwa nini, walikataza tu. Akina mama wa benchi la mbele kanisani walimwona dada yangu na besi mapajani, wakaanza kunong'ona. Mimi ndiye niliyewajibu. Nilisimama mlangoni baada ya ibada nikawaambia, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kwamba nyatiti ni nyatiti na besi ni besi, hii inakula stima. Watu walicheka sana. Dada yangu alinitazama kwa namna ambayo hakuna mtu amenitazama tena.

Kisha kijana wa besi akapata kazi Nairobi, akaenda na besi yake. Wakati huohuo mwenye studio mmoja wa hapa mjini akakubali kuja kuisikiliza kwaya kabla ya kuirekodi kanda. Mwalimu akamwambia dada yangu wazi: "Kama utapata besi, na usimame kama wengine, nafasi ni yako. Kukaa chini hapana. Hii ni kwaya, si hospitali."

Jioni hiyo alikuja kibandani kwangu. Hakuomba, si mtu wa kuomba. Alisema tu maneno ya mwalimu. Nikamwambia, "Nyamera," yaani dada yangu kwa Kijaluo, "nitakutengenezea yako. Nyepesi, fupi, mpaka useme umebeba kikapu." Sikuwa nimewahi kutengeneza hata filimbi.

Vipuri nilivipata Kisian, kwenye klabu moja kando ya barabara ya Busia. Bendi yao ilikuwa imevunjika, na besi yao pia: shingo ilikatika vipande viwili mtu alipoikalia. Nilimrekebishia mwenye klabu milango miwili, naye akanipa maiti nzima. Nilitoa masikio ya kukazia nyuzi, nikatoa pikapu, kile kisanduku chenye sumaku kinachosikia nyuzi na kupeleka sauti kwenye amplifaya. Freti nilizing'oa moja moja kwa koleo, zote ishirini, nikazipanga kwenye mkebe wa siagi. Mwili wake ulikuwa wa mbao ngumu kama za mashua, nikaufanya kigoda.

Mwili mpya niliuchonga kwa mjakaranda uliokuwa umekauka mwaka mzima juu ya dari yangu. Ukiushika ubao wa mjakaranda unadhani ni mtupu ndani. Niliuranda, nikazifanya mviringo pembe zote zinazogusa mbavu, na upande wa bega nikachimba mahali mkanda utakapolala mbali na ule mfupa. Nilimwita dada yangu mara nne kupima. Alisimama katikati ya maranda, mikono imeinuliwa, nami nikichora kwa penseli. Sijawahi kufanya kazi kwa furaha ile. Hata mdomo ulipungua.

Ikabaki shingo. Besi ya Kisian, kutoka kizingiti cha juu mpaka kwenye kiti kinachoshika nyuzi chini, ilikuwa na sentimita themanini na sita. Dada yangu alihitaji sabini na sita. Nilivilaza vile vipande viwili vya shingo mezani, nikaviunganisha, nikavitazama, na kichwa changu kikaniambia: hii ni ngazi. Sentimita kumi za kupunguza, nafasi ishirini kati ya freti. Milimita tano kila nafasi. Hesabu ilikaa sawasawa kiasi kwamba nilicheka peke yangu. Kwenye shingo mpya nilikata kila mfereji wa freti kwa msumeno mwembamba, kila nafasi milimita tano pungufu ya ile ya zamani, bila kukosea hata mara moja. Nasisitiza hilo kwa sababu ndilo nililojifichia baadaye. Kipimo changu nilikifuata bila kosa.

Alipokuja kuichukua aliivaa, akasimama, akangoja maumivu. Hayakuja. Akatembea nayo mpaka mlangoni na kurudi. Akapiga huku chini kwenye freti za mwanzo, tukaichomeka kwenye redio ya jirani, na ukuta wa mabati ukatetemeka. Akacheka mpaka akakaa. Halafu akapanda juu ya shingo, akarudia nota moja mara mbili, mara tatu, akainamisha sikio.

"Omera," akasema, yaani ndugu yangu, "huku juu inateremka."

"Inateremka vipi?"

"Sijui. Inakuwa chini kidogo. Kama imechoka."

"Ni nyuzi mpya," nikasema. "Zitazoea."

Nyuzi hazikuwa mpya. Zilikuwa zilezile za Kisian nilizozikata. Nilisema neno la kwanza lililokuja, kama nilivyozoea kuwaambia wateja droo zinapokwama kwamba ni mvua. Naye akaniamini, maana mimi ndiye fundi.

Mwenye studio alikuja Jumamosi alasiri. Kanisa lilijaa kuliko Jumapili. Akina mama wa benchi la mbele walikuwapo, wazee wa kanisa walikuwapo, na mimi nilikuwa nimesimama ukutani na shati jipya, kwa sababu mafundi wawili wa makanisa mengine walikuwa wamekuja kuona kazi yangu. Dada yangu alisimama mbele, besi begani, mgongo umenyooka. Nyimbo mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Zilikuwa nyimbo za huku chini.

Wimbo wa tatu ulikuwa na mahali ambapo sauti zote hunyamaza, besi ikapanda peke yake na kinanda kikaifuata kuijibu. Alipanda. Kinanda kikajibu, na kila mtu mle ndani akasikia kwamba hao wawili hawakuwa mahali pamoja. Mwalimu akasimamisha. Wakarudia, ikawa vilevile. Mara ya tatu dada yangu alibonyeza kwa nguvu mpaka kucha zikawa nyeupe, akivuta uzi pembeni kuutafuta ule ukweli ambao sikio lake lilijua uko wapi. Mwenye studio akakuna shingo, akatazama saa.

Mwalimu akageuka kwangu. "Fundi, gitaa iko sawa?"

Jibu la kweli lilikuwa rahisi: sijui. Sikujua muziki, sikujua freti zinapangwaje, na nilikuwa nimeambiwa kibandani kwangu kwamba huku juu inateremka. Ningesema "sijui, ngoja tuiangalie," mwenye studio angerudi wiki nyingine au asirudi, na dada yangu angebaki dada yangu. Lakini wale mafundi wawili walikuwa wananitazama.

"Gitaa iko sawa kabisa," nikasema. "Nimepima na rula, milimita kwa milimita. Labda ni mkono." Hapo ndipo ningepaswa kunyamaza. Watu walikuwa kimya, na mimi kimya cha watu hunisumbua, hunifanya nitafute kicheko. Nikaongeza: "Na si mnajua nyatiti haikukatazwa wanawake bure? Wazee wetu hawakuwa wajinga."

Kicheko kilikuja. Kilianzia benchi la mbele. Mama mmoja akapiga makofi akasema, "Ndiyo hiyo! Si tulisema? Leo hata ndugu yake amesema!"

Dada yangu hakunitazama. Aliutoa mkanda begani, akailaza besi juu ya benchi taratibu, uso wake juu, kama mtu anayelaza mtoto aliyelala. Kisha akaenda kusimama nyuma na waimbaji wenzake. Mwalimu alipunga mkono, kwaya ikaimba bila besi, na yeye akaimba sauti yake bila kukosa hata neno. Kanda ilirekodiwa hivyo, sauti za besi zikipigwa kwa mkono wa kushoto wa mpiga kinanda. Dada yangu hakugusa tena chombo cha nyuzi.

Nilirudi na besi kibandani, nikaitundika. Niliitundika mahali ambapo sikuhitaji kuiona nikifanya kazi.

Jirani yangu wa kibanda cha pili alikuwa mshonaji, Mwislamu wa mjini ambaye babu yake alikuja Kisumu kutoka pwani na reli. Tulikuwa tunamtania kwa Kiswahili chake kilichonyooka. Kwenye harusi za jamaa zake alipiga udi. Siku moja, miezi mitatu hivi baadaye, mvua ilimleta kwangu, akaiona besi ukutani, akaomba kuishika. Alipiga huku chini, akatikisa kichwa kwa kupendezwa. Akapanda. Akaacha.

"Bwana fundi, hii umeipima vipi?"

Nikamweleza kwa majivuno yaliyobaki. Ngazi, nafasi ishirini, milimita tano tano. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akavua utepe wa kupimia uliokuwa shingoni mwake, akaunyoosha kutoka kizingiti cha juu mpaka kwenye kiti, akaushika hapo, akaukunja katikati.

"Chombo chochote cha nyuzi," akasema, "nusu ya uzi ni sauti ileile ya uzi mtupu, imepanda ghorofa moja. Kwenye gitaa, freti ya kumi na mbili lazima iwe hapa." Akaweka ule mkunjo juu ya shingo. Freti yangu ya kumi na mbili ilikuwa pembeni yake, nyuma kuelekea kizingiti, karibu sentimita nzima.

Nilitazama ile nafasi kati ya mkunjo wa utepe na chuma. Alinieleza polepole kwamba freti si vipandio. Vipandio vinalingana, freti hazilingani. Za mwanzo ni pana na za juu zimebanana. Ukifupisha, nafasi pana inapunguzwa zaidi na nafasi nyembamba inapunguzwa kidogo. Mimi nilikuwa nimewatoza tajiri na maskini kodi moja. Huku chini makosa yalikuwa madogo mno kusikika, huku juu yalikuwa yamejumlishana.

"Yule binti, dada yako," akasema mshonaji, akiurudisha utepe shingoni. "Yeye sikio lake lilikuwa zima. Mwambie, bwana. Mwambie leo, mvua ikiisha."

Mvua iliisha. Sikwenda. Niliona aibu mpaka mwili ukawa moto, aibu ya mtu aliyevuliwa nguo sokoni, na aibu hiyo badala ya kunipeleka kwa dada yangu ilinipeleka mezani. Nilifunga mlango wa kibanda mchana kweupe. Nikang'oa freti kuanzia ya sita kwenda juu, nikajaza mifereji ya zamani kwa gundi na unga wa mbao, nikapima mipya kwa uwiano wa zile nafasi za Kisian, kwa utepe niliouazima kwa mshonaji, nikaikata. Niliipiga msasa mpaka mtu asiyejua asingejua. Kisha nikaipeleka kanisani, nikaitoa zawadi kwa kwaya. "Nimebadilisha nyuzi," nikasema.

Ningeweza kumpa yeye. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikumpa, na jibu ni la kijinga na la kweli: kumpa kungehitaji kueleza. Wakampa kijana aliyekuwa ametoka shule mwaka ule. Jumapili ya kwanza alipiga ule wimbo wa tatu, akapanda peke yake, kinanda kikajibu, na vikawa mahali pamoja. Kanisa likalipuka. Yule mama wa benchi la mbele akageuka akaniambia, "Unaona mkono wa mwanaume?" Nikatabasamu. Hilo tabasamu ndilo nalichukia kuliko yale maneno, kwa sababu maneno niliyasema kwa kutojua, lakini nilitabasamu nikijua kila kitu. Dada yangu alikuwa amesimama nyuma ya kijana huyo, mahali pake pa zamani, anaimba.

Aliolewa Awasi mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilitengeneza kitanda chake, kabati lake, meza yake, vyote kwa mbao bora, na kila nilipopeleka kimoja alisema "ero kamano", asante, akanipikia. Nilikuwa namlipa kwa samani deni ambalo sikulitaja. Kisha, miaka ya tisini ikiwa katikati, mshonaji akafariki. Nilidhani ningepumua, maana mtu mwingine pekee aliyejua hakuwapo tena. Badala yake nilirudi kutoka mazishini nikiwa siwezi kula. Kesho yake asubuhi nikapanda gari la Awasi.

Alikuwa jikoni anachambua osuga, mboga chungu za kwetu, majani upande huu, vijiti upande ule. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Ngazi, milimita tano, utepe, gundi. Mikono yake haikusimama.

"Najua," akasema.

"Nani alikuambia?"

"Hakuna. Ile Sande ya kwanza nilikuwa nyuma ya huyo kijana. Niliona mistari kwa shingo, hapo kwa mifereji ulijaza. Unga wa mbao haushiki rangi kama mbao, omera. Ni wewe ulinifundisha hiyo."

"Mbona hukusema?"

"Sasa ni mimi niseme?" Akatupa kijiti. "Mimi nilikuwa nangoja wewe."

Nikamwomba msamaha. Nililia pia, kama hilo lina faida yoyote kwa mtu. Aliningoja nimalize, akaniletea maji ya kunawa uso, na akasema bila hasira, kwa sauti ya kunieleza njia ya kwenda mahali: "Ulinisema mbele ya watu. Sasa unaniambia jikoni."

Kanisani kwetu kuna wakati wa ushuhuda kila Jumapili, mtu yeyote anasimama na kusema alilo nalo. Jumapili iliyofuata nilisimama. Mwalimu alikuwapo, mvi zimemjaa. Yule mama wa benchi la mbele alikuwapo. Besi yangu ilikuwapo, kwenye bega la mwanamume wa tatu kuipiga. Nikasema namshukuru Mungu kwa kunisafirisha salama kwenda Awasi na kurudi. Watu wakasema amina, nikaketi.

Tangu hapo mwalimu amekufa, na yule mama, na kwaya imetawanyika. Ndiyo maana niliandika haya, ili yawe mbele ya watu hata kama si wale. Nilipomaliza nilikwenda Awasi nikamsomea dada yangu. Bega lake sasa humsumbua hata akibeba ndoo. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema ile besi ilikuwa nzuri, alikuwa ameipenda sana. Kisha akauliza:

"Na jina lako liko wapi?"

"Sikuweka majina ya watu," nikasema. "Hata lako."

"Langu ni sawa. Mimi nauliza lako."

Nilizikunja karatasi, nikasema chai yake ni tamu.